Tujifunze Kompyuta: Kutendua Makosa Katika Slaidi za Taarifa

Taarifa nyingi za miradi siku hizi huwasilishwa kwa slaidi. Tuchukue mfano wa kamati ya parokia hapa Itetemia, Tabora, inayoandaa taarifa ya kisima. Slaidi moja ina jedwali la michango na matumizi. Mjumbe anafuta mstari mmoja wa jedwali bila kukusudia, kisha anaendelea kupanga picha na rangi. Je, mstari ule utarudi?

Jibu linategemea idadi ya hatua. Ukibonyeza Ctrl na Z kwa pamoja, programu hutendua hatua ya mwisho. Ukibonyeza tena, hutendua iliyoitangulia. Ctrl na Y hurudisha kilichotenduliwa. Lakini PowerPoint, isipobadilishwa, hukumbuka hatua 20 tu. Ikifanyika ya 21, ya kwanza husahaulika.

Namna ya kuongeza hatua (kwenye Windows)

1. Bofya “File”, kisha “Options”.
2. Chagua “Advanced”.
3. Tafuta “Maximum number of undos”.
4. Andika namba unayotaka, isiyozidi 150, kisha bofya “OK”.

Kwa kompyuta za zamani tunashauri 50. Kila hatua huchukua nafasi katika kumbukumbu ya kompyuta, na ikijaa mashine huwa nzito. Wanaotumia Impress ya LibreOffice, ambayo hailipiwi, huanza na hatua 100.

Tahadhari

Hatua hizo hupotea faili likifungwa au umeme ukikatika. Kwa hiyo kutendua hakuchukui nafasi ya nakala. Kabla ya kuhariri, hifadhi faili kwa jina jipya lenye tarehe. Nakala nyingine iwe kwenye flashi anayoitunza katibu. Kabla ya kutuma, mweka hazina alinganishe tarakimu za slaidi na daftari la fedha. Mfadhili akikuta jumla hailingani, hatajua kwamba mkono uliteleza kwenye kibodi. Ataona fedha zisizo na maelezo, na uaminifu ukishavunjika hakuna kitufe cha kuurudisha.

Maswali ya kujadili katika kamati

1. Nani kati yetu anatunza nakala za taarifa, na wapi?
2. Nani huhakiki tarakimu kabla taarifa haijatoka?