Kula Vema Baada ya Upasuaji wa Kupunguza Uzito



Katika miaka ya karibuni baadhi ya familia zetu zimekuwa na ndugu aliyefanyiwa upasuaji wa kupunguza uzito. Zamani mtu alilazimika kusafiri ng'ambo kwa ajili hiyo. Siku hizi upasuaji huo hufanyika pia katika hospitali kubwa za Nairobi na Dar es Salaam. Wengi wanaofanyiwa ni watu ambao unene umewaletea kisukari, shinikizo la damu, maumivu ya magoti au kukatika pumzi usingizini, na ambao wamejaribu njia nyingine bila kufaulu. Gharama ni kubwa, na mara nyingi ukoo mzima huchangia. Kwa hiyo mgonjwa anaporudi nyumbani kidonda kimepona, watu humshukuru Mungu na kudhani kazi imekwisha.

Somo letu la mwezi huu linaeleza kwamba kazi ndiyo kwanza imeanza, na kwamba si ya mgonjwa peke yake. Daktari hupunguza mfuko wa chakula. Mazoea ya nyumba huyaacha kama yalivyokuwa.

1. Daktari amefanya nini?

Mfuko wa chakula wa mtu mzima huweza kupokea lita 1 na zaidi. Njia zinazotumika sana za kuupunguza ni mbili. Katika njia ya kwanza daktari hukata na kuondoa robo tatu au zaidi ya mfuko huo, na sehemu inayobaki huwa nyembamba, mfano wa ndizi. Katika njia ya pili hutenga sehemu ndogo ya juu, yenye kubeba kama mililita 30, yaani vijiko 2 vya mezani, na kuiunganisha na utumbo mwembamba. Hivyo chakula hukwepa sehemu kubwa ya mfuko na mwanzo wa utumbo. Chanzo cha njia hii ya pili ni kazi ya Dk. Edward Mason wa Chuo Kikuu cha Iowa, Marekani, mwaka 1966, na tangu hapo imerekebishwa mara nyingi.

Baada ya upasuaji mtu hushiba upesi, na njaa yenyewe hupungua kwa sababu homoni za njaa hubadilika. Wengi hufikia uzito wao wa chini kabisa kati ya mwezi wa 12 na wa 24. Lakini kadiri muda unavyopita njaa hurudi kidogo kidogo, na mfuko huanza kupokea zaidi kuliko mwanzo. Mtu aliyeutumia mwaka wa kwanza kujifunza kula upya huwa na silaha mkononi. Aliyeutumia kusherehekea tu hujikuta uzito unarudi na kisukari chake kinarudi nao.

2. Hatua za mwanzo

Kila hospitali ina ratiba yake, na hiyo ndiyo ya kufuatwa. Kwa kawaida mgonjwa hutumia vitu vya maji kwa wiki 2 za kwanza, kama supu iliyochujwa na maziwa. Katika wiki ya 3 na ya 4 hula vyakula vilivyopondwa hadi kulainika kabisa. Kisha huja vyakula laini, kama yai, samaki asiye na miiba na maharage yaliyoiva sana. Kwenye wiki ya 8 hivi huanza kurudia chakula cha kawaida cha nyumbani, kwa kiasi kidogo. Ndugu wasimharakishe. Kipande cha nyama ngumu au tonge kubwa la ugali linaweza kukwama na kumletea maumivu na kutapika.

3. Kanuni za mezani

(a) Protini kwanza. Nafasi ni ndogo, kwa hiyo chakula cha kujenga mwili kiingie kabla ya ugali, wali au ndizi. Wataalamu hushauri angalau gramu 60 za protini kwa siku. Chakula chetu cha kawaida kinatosha. Tuchukue mfano wa mtu aliyekwisha kuvuka hatua za mwanzo. Asubuhi mayai 2, gramu 12. Saa nne kikombe cha maziwa au mtindi usio na sukari, gramu 8. Mchana kipande cha samaki au kuku kinachoenea kiganjani, gramu 20. Jioni nusu kikombe cha maharage, gramu 7, pamoja na dagaa wakavu gramu 20, ambao hutoa kama gramu 12. Jumla ni karibu gramu 60. Baada ya protini zifuate mboga za majani, na mwisho kabisa vijiko vichache vya ugali au wali. Mtu asiyepata protini ya kutosha hupoteza nguvu za misuli, na nywele zake, ambazo mara nyingi hupukutika miezi ya mwanzo, huchelewa kurudi.

(b) Kula polepole. Mlo mmoja uchukue dakika 20 hadi 30. Tonge liwe dogo na litafunwe mpaka lilainike. Mtu aache kula mara anaposikia kushiba, hata kama sahani haijaisha. Ni heri kupakua kidogo katika sahani ndogo kuliko kutupa chakula.

(c) Maji yasiandamane na chakula. Mtu akimaliza kula asubiri dakika 30 ndipo anywe. Kisha anywe kidogo kidogo siku nzima mpaka afikishe lita 1 na nusu au zaidi. Chupa ya maji iwe karibu naye shambani, ofisini na sokoni.

(d) Milo iwe na saa zake. Kudokoa huku na huku, karanga chache hapa na kipande cha andazi pale, hakumshibishi mtu wala hakumzuii. Haba na haba hujaza kibaba, na uzito nao hurudi hivyo hivyo.

(e) Vidonge ni vya maisha yote. Mwili sasa hupokea vitamini na madini kwa shida, hasa vitamini B12, vitamini D, madini ya chuma na kalsiamu. Upungufu huja kimyakimya, pengine baada ya miaka, kwa sura ya upungufu wa damu, ganzi miguuni au mifupa dhaifu. Vidonge vya chuma na vya kalsiamu vipishane kwa saa 2, na vya chuma visimezwe kwa chai. Damu ipimwe kila mwaka, hata kama mtu anajiona mzima.

Akina mama wanashauriwa kungoja miezi 12 hadi 18 kabla ya kupata mimba, ili mtoto asikose lishe tumboni. Uzito unapopungua, uwezo wa kushika mimba huongezeka na mzunguko hubadilika. Kwa hiyo wanandoa wanaofuata mpango wa uzazi kwa njia ya asili wamwone mapema mwalimu wao.

4. Mlango wa nyuma

Hapa ndipo wengi hushindwa bila kujua. Mfuko mdogo huzuia nyama na ugali, lakini hauzuii vitu vya maji wala vitu vitamu vinavyoyeyuka. Tuchukue mfano wa mama mwenye meza ya biashara sokoni. Anakula vijiko vichache tu mchana, na kila mtu anamsifu. Lakini kwa siku anakunywa vikombe 4 vya chai, kila kimoja na vijiko 3 vya sukari. Hivyo ni vijiko 12, karibu gramu 50 za sukari, ambazo mfuko wake haukuzisikia kabisa. Akiongeza soda moja ya mililita 300, ameongeza vijiko vingine karibu 8. Uji wenye sukari nyingi, juisi za dukani, aiskrimu na biskuti hupita njia hiyo hiyo.

Tena, kwa mtu aliyeunganishwa utumbo, sukari nyingi kwa mara moja inaweza kumletea moyo kwenda mbio, jasho, kizunguzungu na kuharisha. Pombe nayo huingia kwenye damu upesi kuliko zamani, na imeonekana kwamba baadhi ya waliopasuliwa huangukia katika ulevi ambao hawakuwa nao kabla. Usalama ni kuiacha, iwe bia, mbege au divai.

5. Wajibu wa familia

Kwetu chakula ni upendo. Mgeni hasindikizwi bila kula, na shangazi hufurahi kuona sahani imerudi tupu. Desturi hiyo ni njema, lakini kwa ndugu huyu inaweza kuwa mtego. Maneno kama "Ongeza kidogo, unanivunja moyo" humtia katika vita kila anapotembelea nyumba. Mwenye nyumba amkaribishe hivi: "Mama, tumekuwekea samaki na mboga, pakua unachoweza."

Liko pia jambo linaloumiza zaidi. Tangu UKIMWI uenee katika nchi zetu miaka ya 1980, mtu akikonda haraka watu hunong'ona. Wapo walioanza kula hovyo tena ili mashavu yarudi na maneno yaishe. Wakristo tusiwe chanzo cha mnong'ono huo. Hali ya mwili wa jirani si habari ya kupelekwa kisimani wala mlangoni mwa kanisa.

Nyumbani, baba, mama na watoto wale chakula kimoja. Haifai kumpikia mgonjwa mboga peke yake huku wengine wakila chipsi na soda mbele yake. Sukari ikipungua mezani na mboga zikiongezeka, watoto nao wanakingwa na unene na kisukari. Jioni, baada ya chakula, watu wawili watembee pamoja nusu saa. Katika sherehe za ubatizo, Komunyo ya Kwanza na harusi, mpishi akumbuke kuweka samaki, kuku asiyekaangwa, matunda na maji.

6. Kwaresima na mifungo

Sheria ya Kanisa huwataka waamini wenye umri wa miaka 18 hadi 59 kufunga Jumatano ya Majivu na Ijumaa Kuu, lakini wagonjwa hawabanwi nayo. Aliyepasuliwa asiruke milo wala vidonge. Amwone padre na daktari wake, naye anaweza kutoa sadaka nyingine, kama kuacha sukari katika chai au kumtembelea mgonjwa. Katika saa 1 ya mfungo kabla ya Komunyo, maji na dawa havivunji mfungo.

7. Dalili za hatari

Mpelekeni hospitali bila kukawia akitapika zaidi ya siku moja, akishindwa kunywa maji, akiwa na maumivu makali ya tumbo, akipata choo cheusi kama lami, au akianza kuyumba, kuona vibaya na kuchanganyikiwa. Kutapika mfululizo humaliza vitamini B1 mwilini, na upungufu huo unaweza kudhuru ubongo. Kwa sababu hiyo kila mganga aelezwe kwamba mgonjwa alipasuliwa, hasa kabla ya kutundikiwa dripu ya sukari, kwani huenda akahitaji vitamini B1 kwanza. Dawa za maumivu kama diklofenaki, ibuprofeni na aspirini zisitumiwe bila ruhusa ya daktari, maana zinaweza kuleta vidonda vya tumbo. Dawa za kisukari na presha nazo hupunguzwa na daktari, si na mgonjwa mwenyewe.

8. Akiteleza

Mtu ajipime mara moja kwa wiki, siku ile ile, na kuandika katika daftari. Kilo moja au mbili zikirudi, asijilaumu wala kuificha mizani. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Aandike kwa siku 3 kila alichokula na alichokunywa, hata kikombe cha chai. Mara nyingi mlango wa nyuma utaonekana hapo hapo. Kisha arudie kanuni za mezani, na arudi kliniki hata kama miaka 5 imepita. Wengine hula kwa sababu ya huzuni, upweke au ugomvi wa nyumbani, na hao wanahitaji mtu wa kuzungumza naye kama wanavyohitaji mizani.

Maswali kwa familia na Jumuiya Ndogo Ndogo

1. Katika nyumba yetu tunatumia vijiko vingapi vya sukari kwa siku?
2. Tunaweza kumkaribisha vipi mgeni asiyeweza kula sana, bila kumwaibisha?
3. Je, yupo ndugu katika jumuiya yetu aliyekonda au kunenepa, ambaye tumemsema badala ya kumsaidia?

Mwili tumepewa na Mungu tuutunze. Anayeutunza upya baada ya upasuaji anahitaji sala zetu, na anahitaji pia sahani yetu imsaidie.