Kushonwa Siyo Kupona

Somo letu la leo ni kidonda cha upasuaji. Watu husema, "Nimeshashonwa, basi nimepona." Sivyo. Vijidudu vikishaingia, kidonda huweza kutunga usaha hata baada ya mgonjwa kurudi nyumbani. Kwa kawaida waganga huhesabu siku 30 tangu siku ya kupasuliwa.

Jambo hili si dogo. Mwaka 2016 Shirika la Afya Duniani lilieleza kwamba katika nchi zenye kipato cha chini na cha kati, wagonjwa 11 katika kila 100 wanaopasuliwa huambukizwa. Katika Afrika, akina mama wanaojifungua kwa upasuaji huweza kufika hata 20 katika 100.

Vijidudu hivyo hutoka wapi? Vingi viko juu ya ngozi ya mgonjwa mwenyewe. Kwa hiyo oga kwa sabuni kabla ya kwenda kupasuliwa. Lakini usijinyoe kwa wembe mahali pa kupasuliwa, maana wembe huchubua ngozi, na vijidudu hupenda michubuko. Vingine huletwa na mikono: ya waganga, ndiyo, na yetu sisi tunaokwenda kumpa mgonjwa pole.

Mwaka huu tulimtembelea mama mmoja wa kisomo chetu, siku ya nane baada ya upasuaji. Alikuwa na homa. Kidonda kimevimba, kina joto, kinatoa maji yenye harufu. Juu yake yamepakwa majani yaliyotwangwa. Bibi yake alimpaka kwa mapenzi tu, na sisi hatumlaumu. Tukamwuliza mama, mbona hukurudi hospitali? Akajibu, "Naona haya. Wataniuliza nani kanipaka." Tulimpeleka siku ile ile. Alipona, lakini alilazwa wiki mbili nyingine, na mtoto mchanga yupo pale pale wodini.

Basi, kidonda kikiwa chekundu, kikivimba, kikitoa usaha, kikifumuka, au maumivu yakizidi badala ya kupungua, rudi upesi. Homa nayo ni hivyo hivyo. Kidonda kisiguswe ila kwa mikono iliyonawa kwa sabuni. Dawa ulizoandikiwa zimalize, wala usimgawie jirani.

Jadilini katika kikundi: Mgonjwa wenu akirudi kutoka hospitali, wageni watanawa wapi kabla ya kumshika? Na akiona haya kurudi, nani atamsindikiza?