Kingamwili Zinapoigeukia Damu ya Mwenyewe

Mji wa Kilosa, pamoja na Magomeni yake, umejengwa kando ya Mto Mkondoa, katika nchi yenye malaria. Mtoto aliyeugua malaria huweza kuendelea kupungukiwa na damu hata baada ya dawa kuua vimelea. Sababu mojawapo imo katika kinga ya mwili wake mwenyewe.

Kingamwili ni protini zinazotengenezwa na chembe nyeupe ziitwazo limfosaiti B. Kila aina hushika umbo moja maalumu, mfano wa ufunguo na kufuli lake. Kitu kilichoshikwa huwa kimetiwa alama, nacho humezwa na chembe mezi, hasa katika wengu.

Limfosaiti B huzaliwa katika uboho, na maumbo ya kingamwili zake hutokea kwa bahati nasibu. Kwa hiyo baadhi yake huweza kushika chembe nyekundu za mwili wenyewe. Mwili huzizuia kwa njia tatu. Kwanza, nyingi hufa au hubadilishwa umbo mle mle ubohoni. Pili, zinazoponyoka hupooza kwa kukosa msaada wa limfosaiti T. Tatu, zipo limfosaiti T dhibiti ambazo huyatuliza mashambulizi. Shimon Sakaguchi wa Japani alizieleza mwaka 1995, akashiriki Tuzo ya Nobel mwaka 2025.

Malaria huuvuruga utaratibu huo. Kimelea hupasua chembe nyekundu kilimoingia. Lakini chembe zisizo na vimelea nazo huharibiwa, tena kwa wingi zaidi. Kadirio moja ni takriban 8 kwa kila 1 yenye kimelea. Uchunguzi kwa panya na kwa wagonjwa umeonyesha njia mojawapo: malaria huchochea kingamwili dhidi ya fosfatidilserini, mafuta ambayo katika chembe nzima hufichwa upande wa ndani wa utando. Chembe iliyoyafunua hutiwa alama.

Kingamwili zilizoganda juu ya chembe nyekundu hutambuliwa kwa kipimo kilichoelezwa nchini Uingereza mwaka 1945 na Coombs, Mourant na Race. Chembe huoshwa, kisha hutiwa kingamwili zinazoshika kingamwili za binadamu. Zikishikamana mafungu mafungu, zilikuwa zimebeba kingamwili.

Basi, kwisha kwa vimelea si kurejea kwa damu. Mtoto aliyepona malaria kali hana budi kupimwa damu tena.

Maswali
1. Kwa nini chembe huoshwa kabla ya kipimo?
2. Ni jambo gani lingetokea kama mwili ungekosa limfosaiti T dhibiti?