SOMO LA USALAMA KAZINI: MLIO WA KUPIMIA MASIKIO



Mtu aliyekaa miaka karibu na kinu cha kusagia saruji kule Tororo, au penye mitambo ya kukamulia miwa upande wa Busia, anajua jinsi masikio yanavyovuma zamu ikiisha. Asubuhi mvumo umekwisha, naye hudhani amepona. Lakini hasara ya kelele huanzia kwenye milio myembamba, hasa karibu na hezi 4000, yaani hewa kutikisika mara 4000 kwa sekunde. Mazungumzo ya kawaida huendelea kusikika kwa muda mrefu, kwa hiyo mwenyewe hana habari. Kipimo tu ndicho kinachoonyesha.

Kifaa cha kutoa mlio wa kupimia siku hizi hufanya kazi kwa tarakimu. Wimbi la sauti huandikwa kama mfululizo wa namba, mara nyingi namba 48,000 kwa kila sekunde, kisha namba hizo hugeuzwa kuwa umeme na kupelekwa kwenye visikizio vya masikioni. Fundi huchagua wimbi laini lisilo na kona, maana wimbi lenye kona huchanganya milio mingi, na hapo hujui sikio limeitikia mlio upi. Halafu huweka hezi: 500, 1000, 2000, 3000, 4000, 6000 na 8000.

Hapa pana mtego. Ikiwa mlio umetengenezwa kwa namba 48,000 kwa sekunde, na mashine inayoucheza imepangwa kwa 44,100, mlio huo utachezwa polepole. Mlio wa 4000 utatoka 3675, na karatasi itaandikwa 4000 vilevile. Hakuna taa itakayowaka kuonya.

Mtego wa pili ni ukubwa wa sauti, nao ndio mbaya zaidi kwetu. Katika tarakimu kilele huitwa sifuri, na kila kipimo kingine huhesabiwa kwenda chini yake. Fundi akipita kilele, vichwa vya mawimbi hukatwa na mlio huchafuka. Lakini hata mlio safi unaweza kudanganya. Visikizio vikitoa desibeli 10 zaidi ya inavyoonyesha mashine, mtu aliyepoteza desibeli 30 ataandikiwa 20. Desibeli 10 si jambo dogo: ni nguvu ya sauti mara kumi. Akienda kudai fidia, karatasi hiyohiyo ndiyo itakayomshinda.

Kwa sababu hiyo mashine nayo hupimwa. Kwanza mita ya kelele huhakikishwa kwa kidude kinachotoa mlio wa hezi 1000 wenye desibeli 94. Kisha visikizio hufungwa kwenye mita hiyo, mlio mmoja baada ya mwingine, na hesabu hulinganishwa na iliyo kwenye mashine. Mjumbe wa tawi ana haki ya kuuliza: mashine hii ilipimwa lini, na cheti kiko wapi? Si utovu wa adabu kumwuliza mganga swali hilo.

Tusikubali pia kupimwa mara tu baada ya zamu, kwani masikio yaliyochoka hutoa hesabu isiyo ya kweli. Kanuni za Marekani hutaka saa 14 bila kelele za kazini kabla ya kipimo cha kwanza.

Kwa upande wa Kenya, Kanuni za Kelele za mwaka 2005 zinakataza zaidi ya desibeli 90 kwa saa nane. Zikizidi 85, mwenye kiwanda lazima awe na mpango ulioandikwa wa kupunguza kelele na kuhifadhi masikio. Uganda ina Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2006.

Ndugu zetu wengi huvuka mpaka kutafuta kazi, leo huku, mwakani kule. Omba nakala ya karatasi yako ya kwanza na uiweke nyumbani. Hezi za Tororo ni zilezile za Busia, na mpimaji wa upande wowote ataweza kuisoma.