Likelemba na Neno la Mtu

Katika miji na vijiji vingi vya Kongo watu hufanya likelemba. Tuseme watu 10 wamepatana: kila juma kila mmoja atatoa franka 5000. Juma la kwanza mmoja hupokea zote 50000. Juma la pili mwingine. Hata juma la kumi wote wamekwisha kupokea.

Basi, likelemba husimama juu ya nini? Juu ya neno la mtu. Aliyepokea kwanza ni mdeni wa wenzake 9. Akikimbia, kila mmoja wao hupotewa na franka 5000.

Siku hizi mtu wa Lubumbashi aweza kumtumia mwenzake wa Kalemie fedha kwa simu. Lakini simu hupeleka fedha tu, haipeleki uaminifu. Kwa hiyo wenye busara humpa mgeni zamu ya mwisho, mpaka wamjue. Tena mwenzao akifiwa, humwachia zamu apokee mbele, nao huenda kulia naye. Hapo shirika la fedha limezaa urafiki.

Maulizo

1. Mdeni akikimbia, nani huumia?
2. Kwa nini mgeni hupewa zamu ya mwisho?
3. Je, wewe umeahidi nini, nawe umetimiza?