SOMO LA AFYA: CHANJO NA UFUBAZAJI WA VIRUSI KWA WATU WANAOISHI NA VVU



Kila siku ya chanjo inapotangazwa katika kata, huzuka swali ambalo wengi huliuliza kwa sauti ya chini: je, mtu anayeishi na VVU akichanjwa, chanjo haitaviamsha virusi vilivyolala? Swali hili si la kipuuzi, na anayeliuliza hastahili kuchekwa. Hofu hiyo ina chimbuko, na jibu lake linafahamika.

Chimbuko la hofu

VVU hushambulia chembe nyeupe za damu ziitwazo CD4, ambazo huongoza ulinzi wa mwili. Chanjo nayo huziamsha chembe hizo hizo, ili mwili ujifunze kumtambua adui kabla hajafika. Tatizo ni kwamba VVU hujizalisha kwa wepesi zaidi ndani ya chembe iliyoamka. Ndiyo maana katika miaka ya 1990, kabla matibabu ya sasa hayajaenea, watafiti waliwapima watu wasiotumia dawa baada ya kuchanjwa chanjo kama za pepopunda na mafua, wakaona kwa baadhi yao kiwango cha virusi kikipanda. Hakikubaki juu, kilishuka tena baada ya wiki chache.

Dawa zimebadili nini

Dawa za kufubaza virusi, yaani ARV, huzuia VVU visijizalishe. Hata chembe ikiamshwa na chanjo, virusi havipati nafasi ya kuongezeka. Kwa hiyo, mtu anayemeza dawa zake kila siku anaweza kuchanjwa bila kupoteza ufubazaji alioupata. Ikitokea kipimo kikaonesha ongezeko dogo la muda mfupi, hiyo si dalili kwamba dawa zimeshindwa.

Faida huenda pande zote mbili. Mwili ambao virusi vyake vimefubazwa na CD4 zake zimeongezeka huipokea chanjo vizuri na kujenga kinga imara. Mwili uliodhoofika hujenga kinga hafifu, na mara nyingine huhitaji dozi zaidi. Basi anayeshauriwa kuacha ARV kwa siku chache ili chanjo ifanye kazi anapotoshwa: dawa ndizo zinazoisaidia chanjo.

Virusi huhesabiwa kuwa vimefubazwa vinapokuwa chini ya nakala 1,000 katika mililita moja ya damu. Visipoonekana kabisa katika kipimo, mhusika hamwambukizi mwenzi wake kwa njia ya kujamiiana.

Makundi mawili ya chanjo

Kundi la kwanza ni chanjo zisizo na kimelea hai: homa ya ini aina ya B, pepopunda, nimonia, UVIKO-19 na saratani ya mlango wa kizazi. Hizi hazileti ugonjwa hata kwa mwenye CD4 chache. Chanjo ya homa ya ini ina umuhimu wa pekee, kwa kuwa ugonjwa huo huambukizwa kwa njia zinazofanana na za VVU, na watu wazima wengi hawakuipata utotoni.

Kundi la pili ni chanjo zenye kimelea hai kilichodhoofishwa, kama vile surua na rubela, homa ya manjano na kifua kikuu. Mtu mzima mwenye CD4 chini ya 200 hapaswi kupewa chanjo hizi mpaka kinga yake ipande. Mtoto anayeishi na VVU asiachwe bila chanjo kwa kukisia; mtaalamu ndiye anayepanga ipi atapewa na lini.

Binti na dozi ya ziada

Tangu mwaka 2024, wasichana wa miaka 9 hadi 14 nchini hupewa dozi moja ya chanjo ya saratani ya mlango wa kizazi. Hata hivyo, Shirika la Afya Duniani linapendekeza kwamba msichana anayeishi na VVU apate angalau dozi mbili, na ikiwezekana tatu. Mwanamke anayeishi na VVU ana hatari ya kupata saratani hiyo takriban mara sita zaidi ya asiye na VVU. Binti aliyechanjwa mara moja shuleni, huku hali yake ikifichwa, anaweza kudhaniwa amekingwa kumbe bado.

Mzazi halazimiki kusema jambo hilo mbele ya walimu wala kwenye foleni. Aende na binti katika Kituo cha Tiba na Matunzo (CTC) anakochukulia dawa, aulize kuhusu dozi zilizobaki. Sheria ya UKIMWI ya mwaka 2008 inamtaka mtoa huduma atunze siri ya mteja.

Mambo ya kuzingatia

1. Meza dawa kama kawaida kabla ya chanjo, siku ya chanjo na baada yake.
2. Nenda na kadi yako ya kliniki, uulize kipimo chako cha mwisho cha virusi na cha CD4.
3. Mweleze mtoa huduma hali yako faraghani, hasa kabla ya chanjo yenye kimelea hai.
4. Homa ndogo au maumivu ya mkono kwa siku moja au mbili ni kawaida. Yakizidi, rudi kituoni.

Maswali ya kujipima

1. Kwa nini chanjo iliweza kupandisha kiwango cha virusi kwa mtu asiyetumia dawa?
2. Ni chanjo zipi zinazosubiri CD4 zipande?
3. Binti anayeishi na VVU anahitaji angalau dozi ngapi za chanjo ya saratani ya mlango wa kizazi?

Msomee somo hili jirani asiyejua kusoma. Huenda swali la sauti ya chini ni lake.