Zoezi la Ufahamu: Dawa za Kupunguza Uzito na Tumbo

Soma kifungu kifuatacho kwa makini, kisha jibu maswali.

Ukishuka daladala Buguruni Sheli jioni, harufu ya chipsi na mishikaki hukupokea na mate hukujaa mdomoni. Ukishakula, utumbo hutoa homoni inayoujulisha ubongo kuwa umeshiba. Semaglutaidi, sindano ya mara moja kwa wiki iliyoanza kutumiwa na wagonjwa wa kisukari, huiga homoni hiyo. Mwaka 2021 Marekani iliidhinisha itumike pia kupunguza uzito.

Dawa hiyo huchelewesha chakula kutoka tumboni. Watumiaji wengi hupata kichefuchefu, hutapika, huharisha au hufunga choo, hasa dozi inapoongezwa. Kwa hiyo daktari huanza na miligramu 0.25 kwa wiki, kisha huipandisha taratibu kila baada ya wiki 4. Kula kidogo kidogo na kupunguza mafuta husaidia. Anayetapika mfululizo au kuumwa sana tumbo awahi hospitali. Usichome sindano hiyo kwa kuelekezwa na rafiki. Dozi iliyomfaa yeye yaweza kukulaza wewe.

Maswali
1. Kwa nini dozi hupandishwa taratibu?
2. Eleza maana ya maneno haya kama yalivyotumika: (a) huiga (b) mfululizo (c) kukulaza.
3. Fupisha aya ya pili kwa maneno yasiyozidi 30.

Dokezo: Jibu kwa maneno yako mwenyewe. Ukinakili sentensi nzima, utapoteza alama.